Usingoje Juni: Ushuru Hupangwa Kabla Hatujaanza Kulalamika



Maneno haya niliyasema Jumamosi kwenye kikao chetu hapa Mombasa. Waliokosa kwa sababu ya kazi na shughuli za nyumbani wameniomba niyaweke hapa. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, kwa hivyo ukiona naongea kuliko ninavyoandika, nivumilie.

Naanza na daftari.

Mtaani kwetu kuna mama ana duka dogo. Anauza unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, na asubuhi anauza mahamri. Kila jioni anaandika mauzo yake kwenye daftari la shule. Siku moja akaniita, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma, hebu nihesabie. Nasikia kuna ushuru wa mauzo. Mimi nadaiwa au sidaiwi?"

Tukakaa tukapiga hesabu. Duka linauza kama Sh3,000 kwa siku. Zidisha mara siku 365, unapata Sh1,095,000. Sheria inasema biashara ikiuza zaidi ya milioni 1 kwa mwaka, iko ndani. Kwa hivyo mama yuko ndani. Kabla ya Julai 2023 ushuru huo ulikuwa asilimia 1 ya mauzo, yaani kwake yeye Sh10,950 kwa mwaka. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaupandisha hadi asilimia 3. Sasa ni Sh32,850.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Huo ni ushuru wa mauzo, si wa faida. Mama akiuza kitu cha Sh100, faida yake ni kama Sh10, manake vingine amevinunua kwa jumla. Kwa mwaka mzima faida yake ni kama Sh109,500, na hapo hajalipa kodi ya duka wala stima. Ukitoa Sh32,850 kwenye Sh109,500, umechukua karibu shilingi 30 kwa kila mia aliyopata.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya nisimame mbele yenu: "Na huyu tuliyempigia kura alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Na nitakuwa mkweli kwenu, mwaka ule wa 2023 mimi mwenyewe sikuusoma ule mswada. Nilisambaza picha na vichekesho vya kuukataa kama kila mtu, lakini mstari mmoja wa mswada wenyewe sikuwa nimeufungua.

Pale ukumbini niliuliza: nani anajua mbunge wake alipiga kura vipi kwenye Mswada wa Fedha wa 2024? Ikanyanyuka mikono mitatu. Wewe unayesoma, wa kwako ungenyanyuka?

Sasa niwaeleze habari ya mtu mmoja aliyeusoma.

Okiya Omtatah ni Seneta wa Busia, alichaguliwa mwaka 2022. Kabla ya hapo Wakenya walimjua kama mwanaharakati anayeenda mahakamani mara kwa mara, na wala si wakili. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipokuja alikuwa na tatizo moja kubwa. Kwa Katiba yetu, mswada wa pesa ni wa Bunge la Kitaifa. Seneta hana kura pale. Angeweza kusema "mimi haunihusu" akaenda zake nyumbani. Badala yake yeye na wenzake sita wakaenda Mahakama Kuu, wakiwa na hoja zao kifungu kwa kifungu.

Kilichokuwa ndani ya ile sheria ni nini? VAT ya mafuta ya gari ilitoka asilimia 8 ikawa 16, mara mbili kwa siku moja. Petroli Nairobi ikatoka Sh182.04 ikafika Sh195.53 kwa lita. Kijana wa boda anayetia lita 4 kwa siku, hiyo ni kama Sh54 zaidi kila siku inayoingia. Ukawekwa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na mwajiri naye aongeze kiasi hicho hicho. Na ule ushuru wa mauzo nishauleza.

Tuwe waadilifu pia. Sheria ile ile iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia. Na anayepata zaidi ya Sh500,000 kwa mwezi aliongezewa ushuru wa mapato. Kwa hivyo ukisema "kila kitu kilikuwa kibaya", mbunge atakushinda kwa hoja. Mkaguzi mzuri anasoma pande zote mbili za karatasi.

Mahakamani mambo yakaenda hivi. Tarehe 30 Juni 2023 Mahakama Kuu ikasimamisha sheria kwa muda. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio hilo. Tarehe 28 Novemba majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema ushuru wa nyumba unakwenda kinyume na Katiba. Sababu moja kubwa: ulitoza wenye mishahara peke yao ukawaacha wengine, bila maelezo ya kuridhisha. Baadhi ya hoja zake nyingine, kama ile ya mafuta, hazikupita. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaenda mbali zaidi, ikasema sheria nzima ni batili kwa sababu ya jinsi ilivyopitishwa. Wengi tulishangilia. Lakini tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, ikasema umma ulishirikishwa vya kutosha, na sheria ikasimama.

Wapo watakaosema, basi alishindwa, maneno yamekwisha. Mimi naona kuna mambo mawili hapo tusiyaache yapite.

La kwanza. Ushuru wa nyumba ulipokataliwa kwa sababu ya kutoza wenye mishahara peke yao, serikali haikuuacha. Ilileta sheria mpya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ikatiwa sahihi Machi 2024, na safari hii inamgusa hata asiye na mshahara. Yaani kasoro iliyotajwa mahakamani ilizibwa kwa kumwingiza yule mama wa duka. Sheria hiyo ilipita bungeni kweupe. Ilitangazwa. Sisi tulikuwa wapi?

La pili. Mahakama ya Rufaa ilitaka bunge liwape wananchi sababu: maoni yenu haya tumeyakubali kwa nini, na haya tumeyakataa kwa nini. Mahakama ya Juu ikasema hakuna sheria inayolazimisha hilo waziwazi, ingawa ni jambo jema kufanywa. Ndugu yangu, elewa maana yake. Kama jaji hawezi kumlazimisha mbunge akupe sababu, basi anayebaki kumdai hiyo sababu ni wewe. Hakuna mwingine.

Na kudai kunasaidia. Wengi hamjui kwamba mswada wa 2023 haukutoka bungeni kama ulivyoingia. Ushuru wa nyumba uliingia ukiwa asilimia 3, ukatoka 1.5. Ushuru wa wanaopata pesa kwa video na maandishi mtandaoni uliingia ukiwa asilimia 15, ukatoka 5. Hayo yalibadilika kwa sababu watu waliandika, wakaenda mbele ya kamati, wakaonyesha hesabu. Si kwa sababu walitukana.

Sasa tufike 2024. Mwaka huo hatutausahau. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na ushuru wa asilimia 2.5 ya bei ya gari kila mwaka. Kelele zilipozidi, tarehe 18 Juni hayo mawili yakaondolewa. Tarehe 25 Juni wabunge wakapiga kura ya mwisho: 195 wakakubali, 106 wakakataa. Bunge la Kitaifa lina viti 349. Hebu toa mwenyewe. Wabunge kama 48 hawakuhesabika upande wowote, siku ambayo nchi nzima ilikuwa inawatazama.

Siku hiyo hiyo vijana waliingia bungeni, na risasi zikalia. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi mswada. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka huo. Sitini. Kila mmoja alikuwa mtoto wa mtu. Kuna mama mahali fulani bado hajaweza kutoa nguo za mwanawe kabatini.

Simlaumu aliyeandamana. Kuandamana kwa amani ni haki yake kwa Kifungu cha 37 cha Katiba, na aliyelenga bunduki ndiye wa kujibu. Ninachosema ni hiki: hao vijana walikwenda kuifanya kwa miili yao kazi ambayo wabunge 349 wanalipwa kuifanya kwa kalamu. Na sisi tuliobaki nyumbani tuna deni. Deni hilo halilipwi kwa kuweka picha ya mshumaa kila tarehe 25 Juni peke yake. Linalipwa kwa kuhakikisha mbunge hafiki Juni kabla hajaulizwa.

Tena mswada ukifa haina maana mawazo yake yamekufa. Desemba 2024, watu wakiwa na shughuli za kufunga mwaka, ilitiwa sahihi sheria nyingine ya kurekebisha sheria za ushuru. Ndani yake ushuru wa reli unaotozwa bidhaa zinazoingia nchini ukatoka asilimia 1.5 ukawa 2. Sisi tunaoishi karibu na bandari tunajua: kinachopanda Kilindini kinashuka kwenye rafu ya duka. Mlisikia kelele Desemba hiyo? Mimi sikusikia nyingi.

Kwa hivyo hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Usingoje Juni. Ushuru una kalenda yake, na iko wazi. Iandike nyuma ya simu ukitaka.

Kufikia tarehe 15 Februari, Hazina ya Kitaifa inapeleka bungeni taarifa ya sera ya bajeti. Hapo ndipo serikali inasema inataka kukusanya kiasi gani na kutumia kwa nini. Anayetaka kujua ushuru wa Juni unatoka wapi, aanzie hapa.

Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti na Mswada wa Fedha vinatakiwa viwe vimefika bungeni. Kuanzia siku hiyo mswada ni karatasi ya umma. Si siri.

Mei ni mwezi wa maoni. Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa inatangaza tarehe ya mwisho ya kupokea maoni kwa maandishi, yanayotumwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha bunge kukushirikisha. Huhitaji wakili. Huhitaji kumjua mtu.

Juni ni kura. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unakwisha, na Julai mosi bei zinabadilika. Ukiamka Juni ishirini na kitu, umeamka wageni wameshakula, wewe unaosha vyombo.

Na kuna mwezi mmoja tunausahau kabisa. Kufikia mwisho wa Desemba, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatakiwa awe ametoa ripoti za mwaka wa fedha uliokwisha Juni, kwa Kifungu cha 229. Zinaonyesha pesa zilizokusanywa zilikwenda wapi, na kila mwaka zina mambo ya kuuliza. Bunge lina miezi mitatu ya kuzijadili. Mtu akija kukuomba uongeze ushuru, si ni haki yako kumuuliza kwanza ile pesa ya juzi iliisha vipi?

Sasa, utamuuliza nini mbunge wako? Nawapa maswali manne. Yaulizeni kwenye baraza, kwenye mazishi na harusi anakokuja na msafara wake, na kwa barua pia, ili kuwe na kumbukumbu.

Moja: Mheshimiwa, mswada huu umeusoma wote, au umesomewa muhtasari? Ni kifungu gani kitakachotuumiza zaidi sisi watu wako?

Mbili: Mzigo huu umegawanywa kwa haki? Kifungu cha 201 kinataka hivyo. Mama anayeuza elfu tatu kwa siku na kampuni kubwa, nani anatoa sehemu kubwa zaidi ya faida yake?

Tatu: Pesa hii ni ya nini hasa? Ni ya dawa na madarasa, au ni ya kulipa madeni? Kumbuka kwamba mwaka 2023 ukomo wa deni la taifa, uliokuwa Sh trilioni 10, uliondolewa, ukawekwa asilimia 55 ya pato la taifa. Deni la leo ni ushuru wa kesho. Anayekupa jibu la ushuru bila kugusa deni amekupa nusu ya jibu.

Nne: Utapiga kura vipi, na kwa nini? Na kama hukuwepo siku ya kura, ulikuwa wapi? Rekodi ya kura na maneno yote ya bungeni yako kwenye Hansadi, na Hansadi ni ya kila mtu.

Halafu kuna kuandika maoni. Watu wanaogopa neno "memoranda", lakini ni barua tu. Taja namba ya kifungu cha mswada. Sema kinasema nini. Onyesha kinamuumiza nani, kwa hesabu. Pendekeza kifutwe au kibadilishwe vipi. Ukurasa mmoja unatosha. Hesabu ya daftari la yule mama ina uzito kuliko kurasa kumi za hasira, kwa sababu haibishiki. Hata mbunge anayetaka kututetea anahitaji mifano ya namna hiyo mkononi. Wapo wabunge wanaosoma na kuuliza kwa dhati, na wengine wako wapweke pale ndani kwa sababu huku nje hatuwapi kitu cha kushika.

Nimeulizwa kwenye kikao: "Kwani ninyi hamtaki watu walipe ushuru?" Hapana. Hospitali inataka dawa, mwalimu anataka mshahara, barabara inataka lami. Ushuru ni amana. Mimi nikikupa amana yako uniwekee, halafu nikakuuliza iko wapi, sijakutukana. Nimeuliza changu. Kiongozi anayekasirika kwa kuulizwa kuhusu amana, huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Kulipa na kuuliza ni vitu vinavyokwenda pamoja, na sisi tumefanya kimoja kwa miaka mingi tukaacha kingine.

Yule seneta alikuwa hana kura kwenye mswada ule, na bado aliukagua. Mbunge wako ana kura. Wewe huna kura bungeni, lakini una kura ya kumpeleka au kumrudisha. Sasa nani kati yetu ana kisingizio?

Tulivyoafikiana Jumamosi ni hivi. Kila mtaa utachagua watu watano. Mswada ukitoka Aprili, tunagawana kurasa, kila mmoja anasoma zake na kueleza wengine kwa Kiswahili cha kueleweka. Kila kikundi kinatafuta mfano mmoja wa kweli: duka, boda, fundi, mvuvi. Tunaandika, tunatuma kabla ya tarehe ya mwisho, na nakala tunampelekea mbunge mkononi. Kura ikishapigwa, tunaandika jina lake na alivyopiga, tunalibandika panapoonekana. Bila tusi wala fujo. Jina na kura yake tu.

Nilirudi kwa yule mama juzi nikamweleza mpango huu. Akafungua droo, akatoa lile daftari, akanipa. "Lichukue ukawaonyeshe," akasema, "lakini unirudishie, bado halijajaa."

Daftari hilo ninalo hapa. Wewe la kwako utalileta lini?